Hodi Tatu za Bi Digidigi

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na mlango!

— Mbona hauna komeo?

Hauna, na huyo anakuja!

Alikuwapo Bi Digidigi, mwembamba, mwenye wasiwasi, hatulii. Alikuwa amejifungua, yumo ndani hajatimiza arobaini. Simba, mfalme wa pori lile, akasukuma mlango, pu! Hakusalimu. Akanywa uji wote wa mzazi, fyoo fyoo fyoo, kisha akamtazama mtoto.

"Huyu ananona. Ijumaa nitamfuata."

"Lakini bwana mkubwa, hii nyumba yangu!"

"Nyumba yako, pori langu."

Siku hiyo Bi Digidigi hakutulia. Akisimama, moyo du du du. Akiketi, du du du. Asubuhi akasema, arobaini na ingoje. Akamwachia mama yake mtoto, akamwita Nyani, yule asiyejua kufunga mdomo.

"Twende tukamwamkie mfalme."

Akatangulia mbio, tika tika tika. Mlango wa Simba, pu!

Lo! Simba yuko mbele ya kioo, kipara kinang'aa. Yale manyoya ya shingo tunayoyaogopa, kumbe ni katani, yametundikwa msumarini!

"Toka! Nani kakukaribisha?"

"Kwangu wewe alikukaribisha nani? Na Nyani yuko nyuma yangu, anaingia sasa hivi."

"Mzuie!"

"Kwa sheria gani?"

Nyayo hizo, pata pata pata. Simba anahangaika, katani haishiki kichwani. Akanguruma, "Sheria! Mtu apige hodi! Hodi tatu! Asiyekaribishwa arudi zake!"

"Hata mfalme?"

Pata pata pata.

"Hata mfalme!"

Nyani akasimama palepale nje. Kufika adhuhuri, pori zima alishalitangazia sheria hiyo.

Ijumaa Simba akaja na njaa yake. Alijua akiivunja sheria, Nyani naye ataivunja kwake.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi, jamani!" Kimya. Ndani mtoto ananyonya.

Simba akarudi zake. Na kile kipara, Bi Digidigi hakumwambia mtu mpaka leo.

Fundisho, wanangu: sheria hutungwa na wenye nguvu, wanawake kazi yao uji. Ndiyo maana ile yaitwa Sheria ya Simba.

— Na wewe kipara ulikijuaje?

Nilichungulia! Basi, hadithi imeingia ndani, mlango nimefunga.