Nahodha wa Mwenyekiti

Bwana Kilindo, mwenyekiti wa Chumvini FC, alimkalia kooni kocha Bakema: mpwa wake Dachi acheze mshambuliaji kila mechi, la sivyo kocha afungashe virago. Dachi alikuwa mzito wa miguu, hajafunga hata bao moja, na timu ilikuwa inaelekea kushuka daraja.

"Niachie mimi," alisema Siwatu, mfua jezi wa klabu.

Kesho yake alimfuata mwenyekiti na simu mkononi.

"Baba, mashabiki tunacheza fantasi. Unachagua wachezaji kumi na mmoja wa ligi yetu, wakifanya vizuri uwanjani unapata pointi. Za nahodha wako zinahesabiwa mara mbili. Mpaka sasa anaongoza muuza samaki."

"Muuza samaki aniweze mimi?" Kilindo alicheka. "Andika nahodha wangu Dachi!"

Wiki ya nne Kilindo alikuwa wa mwisho, na sokoni watu walimcheka waziwazi. Akamwita Siwatu ofisini, kocha naye yupo.

"Nani ananiangusha?"

"Nahodha wako, baba. Chogo angekufaa, mazoezini anafunga kila siku. Ila yuko benchi, na asiyecheza hana pointi."

Mwenyekiti akamgeukia kocha. "Jumamosi Chogo aanze!"

"Na Dachi, mwenyekiti?"

"Dachi akae benchi! Unataka muuza samaki anicheke mpaka msimu uishe?"

Bakema aliuma midomo asicheke, akageuka kumtafuta Siwatu. Alikuwa ameshatoka, kaenda kuipiga pasi jezi ya Chogo.