Sikudhani Asiye na Milia

Sogeeni, na anayetafuna karanga atafune polepole, maana nitayasema haya mara moja tu. Mwaka ule jua lilihamia kwetu kabisa. Mto ulikauka, likabaki dimbwi moja, na mlinzi wake alikuwa Fisi. Nani alimpa kazi hiyo? Mfalme Simba! Fisi alimsifia manyoya asubuhi, mchana akapata cheo.

Mama Punda Milia alifika dimbwini na mwanawe, Sikudhani. Mtoto huyo alizaliwa mweupe pe, hana hata mlia mmoja. Fisi akaziba njia.

"Wewe kunywa. Huyo hapana."

"Jamani, baba! Mtoto ana kiu!"

"Huyu ni mkosi, ndiye aliyefukuza mvua. Kesho baada ya sala ya mvua niachieni mimi, nimtakase."

Mama wa watu akamvuta mwanawe nyuma. Mwaka juzi Fisi alimtakasa mwana wa Swala, zikabaki kwato. Mama Punda akakimbilia kwa Sungura, analia.

"Futa machozi, dada," Sungura akasema. "Kesho mlete, tena umsimamishe mbele kabisa."

Sala ya mvua ina desturi yake: watoto wote huwekwa safu ya mbele, kwa kuwa dua yao haina doa. Wanyama wakajaa. Fisi naye akaja, kabeba kapu.

"Mfalme!" akapiga kelele. "Mkosi ule uondolewe, la sivyo dua haipokelewi!"

Minong'ono ikaanza. Nyati akamvuta ndama wake kando. Mama Punda hakubanduka ubavuni mwa mwanawe.

Sungura akasimama. "Kama mtoto huyu ni kosa, basi aliyemuumba aambiwe. Mjomba Fisi, pita mbele umweleze Mwenyezi Mungu amekosea wapi. Sema kwa sauti, asikie vizuri."

Fisi akainua macho juu.

"Ee Mola... huyu mtoto... yaani Wewe... hukukosea, hasha, ila..." Akarudi nyuma kwa woga, akalikanyaga kapu lake. Zikamwagika chumvi, ndimu na pilipili.

Hofu ikamtoka Mama Punda, ikabaki hasira. "Ndiyo dawa ya kutakasia hiyo? Mwanangu ni mkosi au ni kitoweo?"

Wanyama walicheka mpaka Kiboko akakaa chini. Nyati akamrudisha ndama wake kimyakimya. Simba hakucheka, maana cheo kile alikitoa yeye, na aibu ilimchoma. Akaunguruma kuificha.

"Kuanzia leo watoto wote wanakunywa kwanza, wa kila rangi! Fisi atawachotea. Yeye atakunywa baada ya mtoto wa mwisho."

Sikudhani akanywa wa kwanza, akanywa mpaka tumbo likajaa, mama yake akalia kwa furaha mbele ya wote. Fisi akachota, ulimi nje. Ndama, vifaranga, watoto wa Nguruwe, wote wakapita. Jua lilipoinama akashusha pumzi, akainama anywe.

"Hebu, baba," ikasikika sauti nyuma yake. Alikuwa Mama Chura na wanawe mia nne. "Tumechelewa kidogo. Tuanze na huyu mkubwa?"