Chura wa Uani kwa Kifaru

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupika kama sisi, Kifaru na mkewe walikaa karibu na kijito. Asubuhi moja Bi Kifaru alikuwa akifagia ua. Aliposogeza mtungi, akamwona Chura mdogo amejibanza kwenye tope.

"Mume wangu, njoo! Kuna kidude hapa kinapumua!"

Kifaru akaja, tifu! tifu! Akainama. Chura kwa woga akalia, "Krii! Krii!"

"Lo! Kinaimba! Huyu haondoki. Tutamlea."

Lakini Kifaru kulea alikuwa hajui. Alimtia Chura ndani ya chungu kikavu, akamtupia kiporo cha ugali, kisha akakiweka chungu karibu na jiko, eti mgeni asione baridi. Kila mara alifunua kawa akampapasa kwa mdomo wake mkavu.

"Mzee, niache niende," Chura akaomba.

"Uende wapi? Hapa kuna joto, kuna ugali!"

Kufikia adhuhuri ngozi ya Chura ilikuwa inakakamaa. Akajua kwamba akiendelea kukaa humo, atakufa. Akafikiri, kisha akaita kwa sauti ya kukwaruza:

"Mzee, unataka niimbe?"

"Ndiyo! Imba!"

"Koo limekauka. Nimwagie maji."

Kifaru akammwagia, chwaa! Chura akaimba, "Krii."

"Mbona fupi?"

"Chungu kinaniziba. Nichimbie shimo kivulini, ulijaze maji, ndipo utasikia sauti yangu yenyewe."

Kifaru akachimba kwa pembe, gwa! gwa! Akalijaza maji, akainamisha chungu. Chura akatumbukia shimoni, ngozi ikalainika. Inzi akapita karibu. Chura akamdaka kwa ulimi, nyap! Kisha akaimba wimbo mzima. Kifaru akatikisa masikio kwa furaha.

"Endelea!"

"Ningeendelea, Mzee, ila maji yaliyosimama hunibana kifua. Laiti yangekuwa yanatembea! Ingebidi kuchimba mfereji mpaka kijitoni. Lakini hiyo ni kazi nzito. Labda tumwite Nyati."

"Nyati?" Kifaru akafoka. "Pembe yangu hii ina kasoro gani?"

"Mume wangu, hebu tulia," Bi Kifaru akasema. "Mfereji ukifika kijitoni, huyu si..."

"Unataka Nyati aje kunicheka uani kwangu?"

Bi Kifaru akashika ufagio wake. Kifaru akachimba, gwa! gwa! gwa! Jasho likamtoka, udongo ukaruka mpaka juu ya paa. Maji ya kijito yakaingia, shwaa! Chura akapiga mbizi, chubwi!

Kifaru akaketi, akafumba macho. "Haya, imba."

Kimya.

"Chura? We Chura!"

Kutoka kwenye matete ya kijitoni kukasikika, "Krii! Krii! Krii!"

"Rudi hapa! Nimekulea!"

"Ahsante kwa maji, Mzee! Ukitaka wimbo, njoo ukae ukingoni usikilize. Ila usinishike!"

Bi Kifaru akachukua mkeka, akaenda kukaa ukingoni. Kifaru akautazama mfereji wake kwa muda mrefu. Halafu naye akamfuata mkewe.

Basi, wanangu, anayempenda kiumbe wa porini humwacha akae pale anapoweza kuishi.