Mrija wa Namalwa

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, tena nimekaa mbele kabisa.

Namalwa alikuwa fundi wa kupika ramu, pombe kali ya sukari ya miwa, na mrija wake wa shaba wa kupoza mvuke wa pombe aliurithi kwa mamake. Bwana Khaoya, mwenye kiwanda cha sukari guru, aliumezea mate mrija ule. Akayakataza maduka yote kumuuzia Namalwa sukari, kisha akamwita mbele ya wazee.

“Mama, Jumamosi ya wiki ijayo tunamtahiri mjukuu wangu. Niletee madebe mawili ya ramu. Ukishindwa, mrija ni wangu.”

“Mzee, umenimaliza!” Namalwa akayatazama makarai na mapipa ya kiwandani, yaliyogandwa na utomvu mweusi wa miwa. “Basi niache angalau nikuoshee vyombo. Wakwe wakiona uchafu huu, watakusema.”

Khaoya akacheka hadi kitambi kikatikisika. “Osha! Ila hayo maji machafu ukayamwage mbali, nisiyaone tena.”

Namalwa akasugua kutwa nzima, akiyabeba maji ndoo kwa ndoo.

Siku ya sherehe, ramu ikafika. Khaoya akaonja, akafumba macho, akaonja tena.

“Tamu! Sukari umeiba wapi, mwanamke wewe?”

“Kuiba? Si uliniambia maji machafu niyamwage mbali? Niliyamwaga mbali, Mzee, mtungini mwangu. Ila hilo la kutoyaona tena limenishinda. Yamo kwenye glasi yako.”

Yote ni kweli tupu, isipokuwa kitambi. Khaoya alikuwa mwembamba kama muwa, nilimnenepesha mimi.