Kwa Nini Nyundo Ina Mkia Uliopasuka

Hebu iweke chini hiyo nyundo, mwanangu. Umeipendea rangi ya mpini, nakuona, na rangi haijawahi kung'oa msumari. Umesema utatundika rafu, kisha upigilie kile kimlango cha uani anakopita kaka yako, asipite tena. Sawa. Mimi nauza nyundo, sigombi na mteja. Lakini nisikilize kwanza.

Zamani nyundo haikuwa na mkia. Ilikuwa chuma kitupu, uso huku na uso kule, na mpini wake chuma vilevile. Kila pigo lilimrudia mpigaji hadi begani. Ilijua kupigilia tu. Msumari ukiingia, umeingia. Watu wa milimani walikuwa na desturi moja ngumu: mtoto akiondoka nyumbani kwa ugomvi, mlango wa chumba chake ulipigiliwa misumari. Na mlango haukupasuliwa kwa shoka ila siku ya msiba.

Basi seremala Hoza aligombana na bintiye wa pekee, Mkunde, aliyemkataa mume aliyechaguliwa na baba. Mkunde akaondoka. Hoza akapigilia misumari saba, na kwa nyundo ile kila pigo lilimzidishia hasira.

Mwaka wa pili Mkunde alirudi, mgonjwa, amekonda, mvua za masika zikimnyeshea. Baba akamkimbilia, akamsihi apitie mlango wake yeye. Mkunde akaketi kwenye kizingiti cha chumba kilichofungwa.

"Nikipitia mlango wako, baba, nitakuwa mgeni," alisema. "Sikuja ugeni."

Hoza akaikamata ile misumari kwa vidole hadi kucha zikatoka damu. Haikutikisika. Alilia, mzee mzima, mbele ya majirani. Kisha akaenda mbio kwa mhunzi Shemdoe, kuomba chombo cha kutengua alichokifanya.

Shemdoe alifikiri sana, akitazama nyayo za mbuzi topeni. Akaupasua uso mmoja wa nyundo mfano wa kwato. Pembe za kwanza zilikuwa nyembamba mno, zikavunjika kwa msumari wa kwanza. Akafua nyingine, nene kwenye shina, kali kwenye ncha. Akaona pia mikono ya Hoza ilivyovimba, akajua mpini wa chuma hautamfaa. Akampa bonge la udongo mbichi alifumbate, na kwa kufuata alama za vidole vyake akachonga mpini wa mti, maana mti humeza kishindo.

Siku ya tatu misumari ikatoka, mmoja mmoja. Mkunde akaingia chumbani kwake, akalala, na baadaye akapona. Hoza alipotaka kuziba matundu saba kwa nta, Mkunde alimzuia.

"Yaache, baba. Ukinikasirikia tena, uyatazame kwanza."

Na tangu siku hiyo nyundo ina uso wa kupigilia na mkia wa kung'oa. Tangu siku hiyo pia, mwenye akili huifumbata nyundo kabla ya kuinunua, akautazama mkia kabla ya uso.

Haya, chukua ile ya pembeni, isiyo na rangi. Ifumbate. Imekaa mkononi, eeh? Basi nenda. Kimlango cha kaka yako kipigilie ukitaka. Mkia unao.