Likizo ya Bi Namkunda na Makande ya Mkurugenzi

"Ukimpa mpishi likizo, lipe na tumbo lake."

Hivyo ndivyo wasemavyo watu wa milimani Upareni, pale mkubwa anapomwamuru mdogo avumilie jambo ambalo yeye mwenyewe halimgusi. Vijana wanaolisikia neno hili kwa mara ya kwanza hucheka, kisha huuliza limetoka wapi. Hapo mzee Mgonja, aliyelinda lango la shule ya bweni ya Kwamrinda mpaka meno yakastaafu kabla yake, huwaambia wakae vizuri, wafunge vinywa, na yeyote mwenye tumbo jepesi akae karibu na mlango. Methali hii ilianza hivi.

Mpishi mkuu wa Kwamrinda alikuwa Bi Namkunda, mjane mwenye mikono mipana na sauti ndogo. Wanafunzi waliamini kwamba mwiko wake ulichongwa kutokana na mlango wa bweni, na hakuna mtaalamu aliyejitokeza kupinga. Alikuwa mtu wa kukubali. Ukimwambia maji yamekatika, alisema sawa. Ukimwambia kuni zimelowa na wageni wameongezeka, alisema sawa, akainama kupuliza moto. Ulimi wake ulilizoea neno hilo kama mguu unavyozoea kiatu kilichochakaa.

Mwenye shule, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake, aliitwa Mwalimu Senzige. Wanafunzi walimwita Pasi, lakini kwa siri, kwa heshima ya suruali zake, ambazo mkunjo wake wa mbele ungeweza kuchinja kuku. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyezoea kusema na kuondoka kabla jibu halijafika.

Mwaka huo bei ya tangawizi ilianguka. Wazazi wengi wa Kwamrinda walikuwa wakulima wa tangawizi, kwa hiyo bei ilipoanguka, ada nayo ilianguka, ikajivunja kiuno. Shule ilipofungwa kwa likizo, kidato cha nne peke yao walibaki kambini kujiandaa na mtihani. Mwalimu Senzige akawaita wapishi wake watatu nje ya jiko.

"Shule imeyumba," alisema. "Kuanzia kesho mko likizo bila malipo mpaka muhula ufunguliwe. Kidato cha nne watajipikia wenyewe. Hiyo ndiyo elimu ya kujitegemea. Nendeni mkapumzike."

Wapishi wawili walimtazama Bi Namkunda, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Naye akasema, "Sawa, mwalimu." Wakasema sawa na wao. Mkurugenzi alikuwa ameshafika kwenye gari.

Nyumbani, chini kidogo ya shule, Bi Namkunda aliishi na mama mkwe wake, Bibi Nakijwa, kikongwe ambaye macho yalikuwa yamemwacha lakini ulimi ulikuwa umebaki kumtunza.

"Mbona umerudi na mwiko? Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa, mama. Nimepumzishwa."

"Kwani ulikuwa umechoka?"

"Hapana."

"Sasa unapumzika nini?"

Bi Namkunda akaenda kuchuma mchicha. Siku hiyo walikula mchicha. Kesho yake walikula mchicha. Mahindi shambani yalikuwa bado yanatoa mbelewele, na mahindi ya mbelewele hayasagwi. Unga ndani ya debe ulishuka mpaka kata ikaanza kukwaruza chini, na kila ilipokwaruza, Bibi Nakijwa aligeuza kichwa, maana masikio yake yalikuwa mazima. Bi Namkunda alizunguka kwa majirani kuomba kibarua cha kulima. Majirani walimpa pole nyingi. Tangawizi yao ilikuwa inaozea ardhini, na pole ndilo zao pekee lililostawi mwaka ule.

Kilichomtisha zaidi ni jiko lenyewe. Kama angenyamaza, wangelala njaa yeye na mama mkwe wake mpaka shule ifunguliwe. Kama angesema, huenda jiko lingempata mpishi mwingine, naye angebaki na mchicha wa maisha. Alipima huku, akapima kule, mizani ikagoma.

"Nenda mjini kaulize," Bibi Nakijwa alimwambia. "Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kunichemshia tena haya majani."

Basi akateremka mlima kwa miguu mpaka mjini, kwenye ofisi ya kazi. Afisa kazi alikuwa dada mmoja kijana, aliyekuwa akitafuna karanga na kusikiliza kwa wakati mmoja, na yote mawili aliyafanya vizuri. Bi Namkunda alimweleza habari yake tangu mwanzo.

"Mama, hebu nijibu hili," dada yule alisema. "Mliulizwa au mliambiwa?"

"Tuliambiwa."

"Basi sikiliza. Mwajiri akiyumba anaweza kuwaita, mkakaa, mkazungumza. Anaweza kuwaomba mchukue likizo bila malipo, na mkikubali kwa hiari yenu, mmekubali. Lakini kujiamulia peke yake kwamba kesho hakuna kazi wala mshahara, hapana. Wewe uko tayari kufanya kazi. Yeye ndiye aliyekufungia jiko. Mshahara wako unaendelea."

Bi Namkunda aliinamisha kichwa. "Lakini mwanangu, mimi nilisema sawa."

Afisa aliacha kutafuna. "Ulisema sawa ukiwa na nafasi ya kusema hapana?"

Bi Namkunda alifikiri. Nafasi ya kusema hapana! Katika miaka yote ya kupika pale hakuwahi kuiona hiyo nafasi, wala hakujua inawekwa upande gani wa jengo.

"Nenda ukazungumze naye kwanza," afisa alimwambia. "Asiposikia, rudi hapa, tutamwita sisi."

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, Bi Namkunda alijifunga khanga vizuri, akapanda shuleni.

Huko shuleni elimu ya kujitegemea ilikuwa imezaa matunda, nayo yalikuwa machungu. Kidato cha nne walikuwa wamepika ugali ambao nje ulikuwa ugali na ndani ulikuwa unga. Walikuwa wamepika wali wa aina tatu katika sufuria moja: chini mkaa, katikati uji, juu mchele. Hatimaye walikuwa wametangaza, kwa adabu zote, kwamba wasingeshika kitabu mpaka washike kijiko cha maana. Mwalimu Senzige alijibu kwamba yeye ni Mpare halisi, kazaliwa kwenye moshi wa makande, na kwamba Jumapili hiyo angewapikia kwa mikono yake.

Sasa kila Mpare anajua kwamba mahindi na maharage hulowekwa usiku kucha, kisha huchemka taratibu mpaka yakubaliane. Mkurugenzi pia alijua. Lakini alianza kupika baada ya ibada, tena akiwa na njaa, na kila alipobonyeza punje, punje ilimbonyeza. Magadi hulainisha makande. Kwa hiyo, aliwaza, magadi mengi yatayalainisha upesi. Akamimina mfuko mzima.

Bi Namkunda alipofika mlangoni mwa jiko, alikuta povu likipanda sufuriani kama siku ya kufua mablanketi.

"Mwalimu," alianza, "hayo magadi..."

"Bi Namkunda! Uko likizo. Usiingie jikoni."

"Naona tu, mwalimu, kwamba hayo..."

"Likizo ni likizo, mama. Pumzika!"

Akasimama nje ya kizingiti, kama alivyoamriwa.

Kwamrinda kulikuwa na sheria, na aliyeitunga ni Mwalimu Senzige mwenyewe: aliyepika ndiye anayeonja kwanza, bakuli zima, mbele ya wote. Kidato cha nne walijipanga kwa utulivu wa kutisha. Mkurugenzi alipakua. Makande yalikuwa ya manjano kama mwenge. Alikula kijiko cha kwanza, macho yakamtoka. Alikula cha pili kwa ajili ya cheo chake. Hadi anamaliza bakuli, jasho lilikuwa limefika kwenye kola, na wanafunzi walikuwa wameanza kumwonea huruma, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

"Yako vizuri," alisema, na sauti yake ilitoka na povu. "Kuleni."

Hakuna aliyekula. Tumbo la mkurugenzi lilinguruma mara moja, likanyamaza kutafakari, kisha likatoa uamuzi. Mwalimu Senzige aliondoka kwa hatua ndefu za mtu mwenye shughuli nyingi, na alipopita kona ya bweni, hatua zikawa mbio. Foleni nzima ilisimama kimya. Kuna heshima zinazotolewa kwa wafu tu, na siku hiyo alipewa yeye akiwa hai.

Aliporudi, suruali haikuwa na mkunjo tena. Alijikalisha juu ya gogo la kuni, karibu na Bi Namkunda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mwalimu. Ukaniambia nipumzike."

Alijipangusa uso. "Haya. Kesho rudi kazini."

"Siwezi. Niko likizo."

"Hapo sasa!" alisema mwanafunzi mmoja kutoka nyuma, kisha akajificha nyuma ya mwenzake mrefu.

"Likizo nilikupa mimi," alisema Mwalimu Senzige, "na mimi ndiye ninayekurudisha."

"Basi haikuwa likizo yangu, mwalimu. Ilikuwa yako. Unaitoa ukitaka, unaichukua ukitaka. Kilicho changu mimi ni njaa tu."

"Lakini ulikubali! Mbele ya wenzako, ulisema sawa."

Bi Namkunda alikaza fundo la khanga yake. "Nilisema sawa kama mtu anavyosema sawa akiambiwa mvua inakuja. Hukuniuliza, mwalimu. Uliniambia. Nimetoka kwa afisa kazi, na yeye ndivyo alivyosema: likizo bila mshahara ni ya kukubaliana, si ya kutangaziwa."

"Umenishtaki?"

"Nimeuliza tu. Kushtaki ni safari ya pili. Lakini njia sasa ninaijua."

Mkurugenzi alitaka kukasirika, ila hakuwa na nguvu. Alitazama majengo yake, akasema kwa sauti ya chini, "Unadhani nimeficha hela? Ada haijaja. Nimegonga milango ya wazazi mpaka mbwa wao wamenizoea. Nilikuwa nafanyaje?"

"Najua," alisema Bi Namkunda, na alikuwa anajua kweli. "Hata kwetu tangawizi imeoza. Ungetuita ukatuambia hivi unavyosema sasa, tungekaa, tungetafuta njia. Ulituambia tukapumzike. Basi mimi nilikwenda nyumbani, nikapumzika. Mikono ilipumzika. Mgongo ulipumzika. Nikaliambia tumbo, 'Tumbo, mkurugenzi amesema tupumzike,' likakataa. Na tumbo la mama mkwe wangu, ambalo hata hukuliajiri wewe, nalo likakataa. Ukimpa mpishi likizo, mwalimu, lipe na tumbo lake. Kama huna likizo ya kulipatia tumbo, ya mpishi usiitoe peke yako."

Jikoni povu liliendelea kupasuka.

"Na wewe, mwalimu," aliongeza taratibu, "mshahara wako nao umeenda likizo?"

Mwalimu Senzige alifungua mdomo. Aliyejibu ni tumbo lake, na halikuwa na adabu. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka yeye mwenyewe, akiwa amejishika kiuno, machozi yakimtoka, na hakuna aliyejua ni ya kicheko, ya magadi au ya aibu.

Kesho yake aliwaita wapishi wote watatu ofisini, akawapa viti. Aliwaeleza hali ya shule bila kuficha. Kisha akafanya jambo ambalo Kwamrinda ilikuwa haijaliona: aliuliza, akanyamaza, akangoja jibu. Wapishi waliomba kutoka nje washauriane. Walizungumza kwa muda mrefu, mmoja akitaka hiki, mwingine akikataa kile, na waliporudi, Bi Namkunda ndiye aliyesema. Wangepumzika kwa zamu, mmoja mmoja, na wawili wangebaki jikoni. Anayepumzika bila mshahara angechukua mahindi na maharage ya ghala kwa ajili ya nyumba yake. Mkurugenzi naye angejiweka kwenye zamu hiyo hiyo. Na siku walizokwisha kufukuziwa nyumbani zingehesabiwa kuwa siku za kazi.

"Hizo za nyuma," Mwalimu Senzige alisema, "hatuwezi kuzisamehe?"

"Hapana," alisema Bi Namkunda. Neno lilimtoka jepesi mpaka akageuka kuangalia kama limesemwa na mtu mwingine.

Mkurugenzi alikubali yote. Jioni ile Bibi Nakijwa alikula makande laini, akaomba nyongeza, akauliza mchicha umekwenda wapi, akaambiwa uko likizo.

Kidato cha nne walilichukua lile neno la Bi Namkunda wakalitawanya milimani kila mmoja alipokwenda. Lakini aliyelipeleka mbali zaidi ni Mwalimu Senzige mwenyewe. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa wenye shule, mmoja wao alijisifu kwamba amebana matumizi: madereva wake wote amewarudisha nyumbani, bila malipo, mpaka hali itengemae.

"Uliwauliza au uliwaambia?" Mwalimu Senzige alimwuliza.

"Kuwauliza! Kwani mwajiri ni nani, mimi au wao?"

Mwalimu Senzige alisogeza kiti karibu, akaweka mkono juu ya tumbo, ambalo bado liliyakumbuka yale makande. "Ndugu yangu," alisema, "sikiliza neno la mpishi wangu, maana wengine hulisikia, mimi nililila. Ukimpa mpishi likizo, lipe na tumbo lake."