Bi Kanga na Sauti Iliyopigwa Marufuku

Kaeni vizuri niwape kisa cha Bi Kanga, aliyehamia bonde la Simba.

Mwaka huo ukame uliikausha nyika hata mbigili zikanyauka. Bi Kanga akawachukua watoto wake, wakashuka bondeni ambako mto ulikuwa bado una maji. Kwenye njia ya kuingilia mtoni walimkuta Fisi, mlinzi aliyewekwa na Simba.

"Karibuni, wageni," alisema Fisi huku akimeza mate. "Maji yapo. Ila Mzee Simba ana amri yake. Hizo kelele za kwenu, kere-kere-kere, hazitakiwi hapa. Na kulala juu ya miti ni ushamba. Huku tunalala chini, kimya, kistaarabu."

Bi Kanga aliwatazama wanawe, midomo imewakauka. Akakubali.

Watoto walizoea upesi. Mdogo wao, Nukta, alishinda na watoto wa Swala, akaongea Kiswala kama aliyezaliwa nacho. Mama yake akijisahau na kulia Kikanga, Nukta aliinamisha kichwa.

"Mama, tafadhali! Wenzangu watanicheka."

Bi Kanga akaacha kabisa kulia Kikanga, ingawa moyo ulimuuma. La ajabu ni kwamba tangu waanze kulala chini, mayai yake yalikuwa yakitoweka. Alipomwuliza Fisi, Fisi alipangusa mdomo.

"Labda umesahau ulikotaga, dada yangu. Ugeni una mambo."

Jioni moja Bi Kanga alimwona Fisi akimnyatia Nukta. Hakukumbuka amri wala nini. "Kere-kere-keee!" Ndugu zake Nukta wakapuruka hadi mtini. Nukta mwenyewe alibaki amesimama, akiuliza, "Mama anasemaje?"

Fisi akamrukia. Sungura, aliyekuwa akitafuna majani hapo karibu, akamrushia Fisi mchanga machoni. Nukta akaponyoka, mkia umenyonyoka.

"Mmevunja amri!" Fisi alifoka, akipikicha macho. "Kesho kwa Simba!"

Asubuhi walisimama mbele ya Simba, Fisi akawashtaki kwa kuvunja amri.

"Amri gani?" aliuliza Simba.

Fisi akapiga magoti. "Ya kukuheshimu, Mzee. Nimewaambia wageni waache sauti za kwao, wafanane na wewe."

Simba akatikisa manyoya ya shingo. Neno hilo lilimpendeza. Bi Kanga akaona mambo yameharibika.

Ndipo Sungura akajitokeza. "Amri nzuri sana, Mzee! Tatizo ni kwamba wageni hawajaonyeshwa mfano. Fisi, wewe unayeijua, hebu nguruma kama Simba tukusikie."

"Haya, nguruma," alisema Simba.

Fisi akavuta pumzi, akapanua kinywa. "Huuu-hi-hi-hi-hi!" Kilimtoka kicheko kilekile cha mama yake na bibi yake, na pamoja nacho ukaruka unyoya wa madoadoa uliokuwa umenasa kwenye meno.

"Unanicheka?" Simba aliinuka. "Na huu unyoya ni wa nani?"

"Wangu," alisema Nukta. "Ni wa mkia wangu."

"Kumbe jina langu umelifanya mtego wa kitoweo!"

Fisi hakungoja zaidi. Alitimka kuvuka kilima, watoto wa Swala wakimzomea.

"Bi Kanga," alisema Simba, "lia upendavyo, na ulale upendapo. Hata mimi ningependa kuambiwa hatari inapokuja. Si kwamba naogopa!"

Jioni hiyo kanga walipanda mtini. Nukta alijisogeza ubavuni mwa mama yake.

"Mama, jana ulisemaje?"

"Nilisema: ruka, mwanangu."

"Nifundishe."

Alijaribu, ikatoka nusu Kikanga, nusu Kiswala. Ndugu zake wakacheka hadi tawi likatikisika. Akajaribu tena, kwa sauti zaidi. Chini ya mti, watoto wa Swala waliokuwa wakilisikiliza somo hilo wakaruka wote kwa pamoja, kisha wakatazama juu wakiuliza kama wamepatia.